Hasumati Anataka Kuona Jua Likizama

Mke wa kaka wa mume wangu anaitwa Hasumati, na katika miaka arobaini tangu aolewe hapa Ghatkopar, Mumbai, hajawahi kuona jua likizama. Macho yake ni mazima. Sisi ni Wajaini, na nyumbani kwetu jua likishazama hakuna anayetia kitu kinywani, hata maji, mpaka asubuhi. Kwa hiyo saa ile ambayo watu wengine wanakaa barazani kupunga upepo, kwetu ndiyo saa ya mbio. Mzee anataka chapati ya mwisho, mtoto hajamaliza dali, ule mchuzi wa dengu, mgeni ameingia bila taarifa na hajala, na kila mtu anauliza muda umebaki kiasi gani. Anayesimama jikoni ni Hasumati. Akija kuinua kichwa, nje taa za barabarani zimeshawaka.

Mimi ni Mrudula, mke wa Kishor, mdogo wa mumewe. Nimekaa nyumba moja na Hasumati muda mrefu kuliko nilivyokaa na mama aliyenizaa, kwa hiyo ninayoyasema nayajua. Namwita dada. Si mtu wa kuomba. Sikukuu ikija anauliza kila mmoja anataka sari ya rangi gani, mwisho yeye anachukua iliyobaki, na wote tunajifanya kwamba ndiyo aliyoipenda. Tunaishi mji wa bahari, na ufukweni Chowpatty tumekwenda mara nyingi, lakini mchana, na saa kumi tunaanza kukusanya viatu vya watoto ili tuwahi kurudi kula.

Mwanawe wa pekee, Ketan, anafanya kazi Toronto. Ndoa ya wazazi wake ilipokaribia kutimiza miaka arobaini alipiga simu akamuuliza mama yake anataka zawadi gani. Nilikuwa karibu, nikichambua mchele, nikingoja lile jibu lake la siku zote, kwamba hataki kitu, Mungu amempa kila kitu. Hakusema hivyo.

"Nataka kukaa na baba yako katikati ya bahari," alisema, "mahali ambapo nchi kavu haionekani, tutazame jua likizama. Mimi na yeye tu. Nikikosa chakula jioni moja sitakufa."

Ketan alicheka, kisha akafanya kama mtoto mwenye adabu anavyofanya. Akawakatia nafasi katika meli ya matembezi inayotoka Mumbai kwenda Kochi na kurudi, chumba cha watu wawili, juu kabisa, chenye roshani yake inayotazama maji. Na kule Kochi akawapangia matembezi ya polepole, mguu kwa mguu, kando ya maji na kwenye nyumba za kale, wakichoka wakae wanywe chai. Hasumati aliikunja ile karatasi ya safari akaiweka chini ya sari zake. Kila nikiingia chumbani kwake naikuta imehamishwa, basi nikajua anaitoa na kuitazama.

Sasa nimseme Dhirajlal, mumewe. Ni mtu mwema kiasi cha kuudhi. Maisha yake yote ameuza vitambaa dukani kwa watu, na hata leo hawezi kula pipi bila kuangalia kama aliye karibu naye anayo. Mtaani kwetu yeye ndiye anayepanga safari za hija. Anakodi mabasi, anagawa blanketi, na kwenye nyumba za wageni za hekaluni anasimama mlangoni akielekeza, wanaume ukumbi huu, wanawake ukumbi ule. Anasifiwa sana kwa kazi hiyo, na sifa zimemharibu. Alipoiona ile karatasi ya Ketan alitikisa kichwa kwa huruma. Chumba kizima cha watu wawili? Na roshani juu yake?

Akaenda kwa wakala wa safari, akarudi uso umemkunjuka. Alikuwa amekibadilisha kile chumba cha juu kwa vyumba viwili vya ndani kabisa ya meli, visivyo na dirisha, kila kimoja vitanda vinne. Wanawake chumba kimoja, wanaume kingine. Dada yake Taramati atakuja na mumewe, shangazi Champa naye, maskini, hajawahi kupanda meli.

"Penye wengi hapaharibiki neno," alisema.

Hasumati alikuwa akisukuma chapati. Mti wa kusukumia ulisimama mkononi.

"Na roshani?"

"Roshani ya nini, Mama Ketan? Bahari ipo pande zote. Utaiona bure."

Akaendelea kusukuma. Ile chapati ilikuwa nyembamba mpaka ikachanika, na yeye hachani chapati. Mimi nilipandwa na hasira, nikamvuta Kishor pembeni nikamweleza upuuzi uliofanyika. Mume wangu alinisikiliza vizuri, kisha akauliza kama kuna kitanda kimebaki. Vilibaki, chumba cha wanawake kimoja na cha wanaume viwili. Tukaenda na sisi. Nilijiambia nakwenda kumsaidia dada.

Kabla ya safari Hasumati alisimama jikoni kupika chapati za uwatu za kulisha jeshi, maana Taramati alisema chakula cha meli hakiaminiki. Taramati ni wifi yangu, na neno lake siku zote ni la mtu anayesikia baridi au aliyecheleweshewa kitu. Tulipanda meli tumebeba achari ya embe, sufuria ya shangazi, na mkoba mzima wa khakhra, vile vichapati vikavu. Vijana waliokuwa wanakagua mizigo waliufungua, wakaufunga, wakaitana waje waone.

Jioni ya kwanza meli iling'oa nanga mapema. Watu wa jikoni walikuwa wanajua Wajaini hawali vinavyochimbwa ardhini, wakatutengea meza zetu na chakula chetu kisicho na vitunguu wala viazi, ukumbi wa chini, mapema kabla ya abiria wengine. Hasumati alikula harakaharaka, akanawa, akasimama nyuma ya kiti cha mumewe akamwambia anapanda juu, amfuate. Dhirajlal, mdomo umejaa, alimwashiria kwa mkono kwamba atangulie, anakuja. Hajafika mlangoni, shangazi Champa akakumbuka dawa yake. Dawa lazima inywewe kabla ya jua kuzama, na lazima kwa maji ya uvuguvugu, na lazima aitwe Hasumati, maana wengine sote tunamchanganya. Hasumati akageuka kwenda dirisha la jikoni kuomba maji. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi na kikombe, mhudumu mmoja alikuwa anatangaza kwamba jua limekwisha zama, tafadhali tusimamishe kula.

Shangazi akaikataa dawa, kwa kuwa sasa ni haramu mpaka asubuhi. Na unadhani nani alilaumiwa?

"Wifi, ungechangamka kidogo tu," Taramati alisema.

Nilitaka kumwagia yale maji. Hasumati alikiweka kikombe mezani, akamfuta shangazi mdomo, akaketi.

Asubuhi katika chumba chetu hakuna aliyejua kama kumekucha. Ukuta upande huu, ukuta upande ule, na juu kitundu cha hewa baridi ambacho Taramati alikuwa amekiziba kwa kanga ya kuogea. Hasumati alikaa kitandani amevaa tayari, akaniuliza bahari iko upande gani. Nilimwonyesha ukuta mmoja kwa kubahatisha.

Siku hiyo alijipanga. Dawa ya shangazi aliitoa saa kumi, akamsimamia mpaka ikamezwa. Akamfuata mumewe kwenye meza ya karata, mbele ya Kishor na mume wa Taramati na jirani yetu mmoja aliyejaza kitanda cha nne, akamwambia leo jioni wapande juu, yeye na yeye. Wanaume wale wakacheka. Kishor akamwambia kaka yake ainuke, mchumba anamwita, na mume wa Taramati akauliza kama wazazi wa binti wamekubali. Masikio ya Dhirajlal yalibadilika rangi. Alisema sawa, atakuja.

Na kweli alikuja. Sikatai. Alikuja na sisi wote.

"Twendeni juu," alikuwa anapita meza hadi meza, "Mama Ketan anataka tuone jua."

Hata familia moja ya Surat ambayo hatuijui ilitufuata. Tulifika kwenye sitaha jua likiwa limeshuka vizuri, jekundu, na maji yote yamekuwa ya shaba. Ilikuwa kweli kwamba nchi kavu haionekani. Hasumati alishika chuma cha ukingoni, na kwa muda mfupi nilimwona uso wake jinsi unavyokuwa akiwa hatumikii mtu. Kisha Dhirajlal akasema lazima tupige picha ya ukumbusho na jua likiwa nyuma. Mkitaka jua liwe nyuma yenu kwenye picha, nyote lazima mligeuzie mgongo. Tukapangwa. Shangazi katikati, kwenye kiti. Warefu nyuma. Hasumati, kwa kuwa ni sherehe yake, akasukumwa mbele kabisa. Yule baba wa Surat alikuwa akipiga kwa simu, akasema mmoja amefumba macho, turudie. Akasema Taramati hacheki, turudie. Mara ya mwisho akasema sasa giza limeingia, haionekani vizuri, na tukageuka sote kwa pamoja.

Ile picha ninayo. Jua liko nyuma ya kichwa cha dada yangu, zuri sana.

Kochi ndiyo iliyonimaliza mimi. Dhirajlal aliiangalia ile karatasi ya Ketan ya matembezi ya polepole, akasema kutembea juani ni kuwaumiza wazee, akakodi basi dogo. Halafu akakumbuka kwamba Mattancherry kuna mtaa wetu, Wagujarati waliohamia vizazi na vizazi kwa biashara, na hekalu letu hapo. Nyavu kubwa za kuvulia, zile wageni wote wanazokwenda kuziona, tulizipita dirishani. Hekaluni tulisali, tukawatupia njiwa nafaka, na Dhirajlal akafungua mazungumzo na mzee mmoja mlangoni. Haukupita muda wakagundua kwamba babu wa yule mzee na babu wa Dhirajlal walitoka vijiji jirani. Basi imekwisha. Tukabebwa wote mpaka nyumbani kwake kula. Tumekata bahari yote ile kwenda kula dali ya Ghatkopar.

Na Hasumati hakuketi barazani na wageni. Wanawake wa nyumba ile walikuwa wanahangaika na watu wanane wasiotarajiwa, na mwanamke wa kwetu hawezi kuwaona wenzake wakihangaika akabaki amekunja mikono. Nilimkuta jikoni anasukuma chapati na mwenye nyumba, anamwambia unga wa huku ni laini. Nilimwambia atoke, mimi nitasukuma, akatembee hata hapo nje tu. Alinijibu zimebaki chache.

Tulipokuwa tunavaa viatu kuondoka, alimwita mumewe kando ya ukuta. Mimi nilikuwa nafunga kamba ya kiatu cha shangazi, nikasikia kila neno.

"Kesho ni jioni ya mwisho," Hasumati alisema. "Sitashuka kula. Nitakaa juu. Uje."

"Bila kula mpaka asubuhi? Kichwa kitakuuma, Mama Ketan."

"Kiniume. Uje peke yako."

"Peke yangu vipi, na wenzetu je?"

"Baba Ketan," alisema, "kwa miaka arobaini nimekula nawe nikiwa nimesimama. Nimechoka. Njoo peke yako."

Dhirajlal alitazama viatu vyake. Akasema atakuja.

Usiku Kishor aliniambia jambo ambalo kaka yake alimnong'oneza kwenye basi. Alikuwa na hofu. Alisema katika nyumba ile walianza na mama na baba na ndugu wanne, kisha wake wa ndugu, kisha watoto, na hajapata kukaa na mkewe peke yao zaidi ya dakika za kuzima taa. Nikikaa naye kule juu, alimwuliza Kishor, nitamwambia nini? Nilitaka kucheka lakini nikashindwa. Nilimhurumia, na nikazidi kumkasirikia.

Siku ya mwisho niliapa hakuna atakayemgusa dada. Saa kumi shangazi alimeza dawa yake kwa mkono wangu, akidai nimemchanganya, nikamwambia avumilie. Taramati nilimtafutia shali na kumkalisha meza ya mbali na mlango. Familia ya Surat ilipouliza kama leo kuna jua, niliwaambia kuna mawingu. Hasumati alioga, akavaa sari ya rangi ya zambarau ambayo safari hii aliichagua mwenyewe, akapanda juu mapema. Nilimsindikiza mpaka kwenye viti vya nyuma ya meli, mahali patulivu. Aliketi kimoja, akatandika kitambaa chake kwenye cha pili ili mtu asikichukue. Nikamwacha.

Ukumbini nilikuwa nakula kwa jicho moja, la pili mlangoni. Dhirajlal aliingia akiwa amechana nywele na kupaka mafuta. Roho yangu ikatulia, maana ukumbi ule ndio njia ya kuelekea kwenye ngazi. Akapita meza zetu bila kuketi. Akaifikia foleni ya chakula. Akasimama kwenye foleni.

Nilidhani naota. Nilinyanyuka nikaenda mpaka alipo. Kwa desturi yetu mke wa mdogo hamkaripii kaka mkubwa wa mumewe. Hata kumtazama usoni nilianza nikiwa mtu mzima. Kwa hiyo yote niliyokuwa nayo moyoni yalitoka machache.

"Shemeji, jua linazama."

"Najua, ndiyo maana naharakisha," alisema. "Nampelekea. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nitaketi vipi karibu yake, yeye na tumbo tupu mpaka asubuhi?"

"Alisema hatakula."

"Alisema hatashuka kula. Nikimpelekea ni tofauti."

Sahani ilikuwa na wali na dali. Mboga isiyo na viazi ilikuwa imekwisha, na mpishi alisema nyingine inakuja sasa hivi. Nilimwambia aende bila mboga. Akasema hawezi kumpelekea mke wake wali wa dali tupu katika siku kama hii. Alisimama pale, mtu mzima, sahani mkononi, akichungulia jikoni kwa wasiwasi, na ndipo nikaona kwamba naye hajala. Alikuwa amechukua sahani moja tu, yake hakukumbuka. Mboga ilikuja. Akaomba na kipande cha kitu kitamu. Wakampa.

Lifti ilikuwa imejaa watu wanaokwenda juu kutazama jua. Akapanda ngazi, taratibu, maana dali ilikuwa inacheza. Mimi nilimfuata nyuma na bilauri ya maji, kwa sababu maji aliyasahau, na kwa sababu nisingeweza kukaa chini. Kila ngazi nilikuwa nasema moyoni, tupa hiyo sahani, tupa hiyo sahani. Hakuitupa. Alipofika kwenye sitaha alianza kutembea haraka, na nikaona mbele yake anga yote jekundu na chini yake mstari wa maji, mtupu.

Hasumati alikuwa ameketi vilevile. Dhirajlal alisimama mbele yake akamnyooshea sahani kwa mikono miwili.

"Nimekuletea. Kula haraka, bado kuna mwanga."

"Limezama."

"Limezama sasa hivi?"

"Sasa hivi, Baba Ketan."

Aliitazama ile sahani kama vile mtu mwingine ndiye aliyemshikisha. Hakuna tena wa kuila, si yeye si mkewe. Mimi nilibaki kwenye mlango wa ngazi na maji yangu, nisijue nirudi au nisonge.

"Nilifikiri utakula kwanza," alisema, "halafu tulitazame."

"Nilikuambia uje. Sikukuambia ulete kitu."

Dhirajlal alikiondoa kitambaa kwenye kiti cha pili, akakikunja vizuri, akaketi, sahani magotini. Kisha akasema kesho asubuhi kabla ya kufika Mumbai waamke mapema, wao wawili, waje walione likichomoza.

"La kuchomoza naliona kila siku," alisema Hasumati. "Ndiyo saa ninayochemsha maji ya kunywa ya nyumba nzima."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimwona Dhirajlal hana la kupanga wala wa kumwita. Aligeuza kile kipande cha kitu kitamu kwenye sahani kwa kidole, akakirudisha kilipokuwa.

"Lilikuwaje?" aliuliza.

Sikuona kama Hasumati analia. Alikuwa akitazama upande ule wa maji ambako wekundu ulikuwa unapungua.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nageuka kila mara kutazama mlango kama unakuja. Mwisho wake sikuuona."